Elfu Moja na Tatu

Saa tano usiku nilibonyeza Ndiyo.
Mashine iliuliza kwa adabu: nisasishe?
Newala imelala, umeme upo,
na mimi ni nani nimkatalie aliyepiga hodi?

Asilimia sitini na mbili.
Kisha taa ya nguzo pale sokoni ikakonyeza, ikazimika,
na chumba cha nyuma kikabaki na harufu ya salfa.

Umeme uliporudi, seva iliamka
kama mtu aliyeanguka mkoroshoni:
macho wazi, jina lake halijui.
Skrini nyeusi, kijistari cheupe
kinapepesa, kinapepesa,
hakisemi.

Chelezo? Tulikuwa nacho mdomoni,
kamba hatukukifunga.
Kila mwaka tulisema diski ya tatu,
kila msimu korosho zikauzwa, hela zikaenda kwenye bati,
ada,
sanda.

Saa nne asubuhi Bi Zamda amekaa kwenye benchi la studio.
Hakuja kugomba. Amekuja na risiti ya mwaka juzi,
imekunjwa mara nne.
"Ile ya mume wangu, aliyovaa koti la kuazima."
Koti lilikuwa la kaka yangu. Nusu ya wilaya imepigwa picha nalo.
Nikamwambia kesho.
Kesho yake nikamwambia kesho.

Nilifungua kifuniko kwa kisu cha kubangulia.
Vumbi la njano limeganda kwenye feni,
la Juni ile, Juni yake ya mwisho,
alivyorudi shambani na bomba mgongoni
akaketi kusafisha picha za watu kabla ya kunawa.
Sikulifuta lote.

Diski ni mbili, pacha:
anachoambiwa Kulwa anaambiwa na Doto.
Nikazichomoa, nikazilaza juu ya kanga kama mayai.
Nikapakua toleo la zamani kwa bando la usiku, la bei nafuu,
nikalichoma kwenye flashi,
nikausimika mfumo upya kwenye diski ndogo ya pembeni.
Zile pacha nilizigusa mwisho, kwa bismillahi.

Zikaitika.
Folda zote, miaka kumi na moja.
masasi harusi. kitangari shule. msiba usifungue.
Haraka zake zilezile, hana muda wa herufi kubwa.
Nikagonga ya kwanza.
Ruhusa imekataliwa.

Nikauliza: mali ya nani?
Mashine haikusema Nambunga.
Ilisema 1003.
Mfumo mpya haukumkuta. Unajua ana vitu,
haujui alikuwa nani.
(Benki nao walisema hivyohivyo.)

Ningeweza kupora. Amri ni moja, fupi:
vyote viwe vyangu kuanzia leo.
Vidole vilishaiandika.
Nikaifuta, herufi moja moja.

Kwetu mtoto hupewa jina la babu
ili jina lisikae bila mtu.
Basi nikamsajili upya, saa nane na dakika kumi za usiku.
Mtumiaji: nambunga.
Namba: 1003.
Makazi: palepale.
Nywila:
hapo nilikaa kidogo.

Bi Zamda alipokuja, mumewe alikuwa tayari
kwenye karatasi ya mwisho yenye mng'aro,
mabega ya koti yamempwaya.
Akamtazama. Akanitazama.
"Hukumnyoosha kola."
Nikasema, aliyepiga si mimi.
"Najua," akasema, akalipa nusu,
akaondoka amemshika kwa mikono miwili
kama sinia la uji wa moto.

Jana usiku imeuliza tena.
Toleo jipya lipo. Nisasishe?
Nimeijibu kwa sauti, peke yangu chumbani:
baada ya mnada wa korosho.